Bagamoyo bila pweza: samaki wa pwani wanakwenda wapi?

#1 Nyarnam
Habari za jioni wadau. Mimi ni Mkenya wa Kisumu, niko Dar kikazi tangu mwaka jana. Jumamosi iliyopita tulitoka na wenzangu wa ofisini, Waganda wawili na Mholanzi mmoja, tukaenda kushinda Bagamoyo. Lengo lilikuwa moja tu: kula pweza na kaa ufukweni, tena wabichi kutoka majini.

Tulipanda gari Makumbusho, tukafika kama saa sita mchana. Pale sokoni karibu na forodha ya zamani meza nyingi zilikuwa tupu. Pweza hakuna. Kaa hakuna. Walikuwepo vibua, taa aliyekatwa vipande, na changu wachache juu ya barafu, macho yameshadidimia. Tukapelekwa mgahawa mmoja, changu wa kukaanga na chipsi elfu ishirini. Nilipomuuliza mhudumu samaki ametoka wapi akaniambia bila kuficha: "Huyu ametoka Feri, dada." Yaani sisi tumetoka Dar kilomita kama 70 kumfuata samaki, naye katoka soko la Feri hukohuko Dar.

Kwetu ukienda Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, hata jioni utapata ngege au mbuta wa kukaanga. Sasa mji wenye ngalawa na mashua nyingi kiasi kile, unakosaje samaki Jumamosi mchana? Wavuvi hawaendi baharini, au samaki wanakwenda wapi? Naomba majibu ya watu wanaoijua bahari.

#2 MtuwaTegeta
Karibu Dar dada. Jibu ni rahisi: saa sita mchana mlikwenda kufanya nini sokoni? Mashua zilizolala baharini zinaingia alfajiri, mnada unapigwa asubuhi asubuhi. Ikifika saa tatu, saa nne, dalali ameshakunja daftari lake. Mnaobaki mnagombania vibua. Siku nyingine lala hukohuko Ijumaa, uamke na adhana ya alfajiri uteremke pwani. Utaona samaki mpaka uchoke.

#3 BabaNgalawa
Mtu wa Tegeta umesema kweli kwa samaki wa nyavu. Kwa pweza hapana. Pweza havuliwi usiku na mashua akaletwa alfajiri. Pweza anafuatwa kwa miguu juu ya mwamba maji yakipwa, au kwa kuzamia.

Mimi nimezaliwa Mlingotini, nimekulia humo humo majini. Sisi tunakwenda kwa hesabu ya mwezi. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake inapita mita 3. Na kwa pwani yetu hii maji ya bamvua hupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Hapo utaona kina mama na vijana wametapakaa kwenye miamba na vijiti vyao, kila mtu anajua mashimo yake. Mchana pweza wamejaa sokoni, na bei inashuka.

Sasa angalia Jumamosi mliyokwenda nyie. Mwezi ulikuwa nusu. Hayo ni maji mafu. Bahari inacheza kama mita 1 tu, mwamba haufunuki. Tena wakati wa maji mafu saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa. Mtu atampata wapi pweza? Dada usimlaumu mvuvi, tazama kalenda ya mwezi.

#4 Nyarnam
Asante sana Baba Ngalawa, hii sikuwahi kuisikia. Ziwani maji hayapwi wala kujaa namna hiyo. Mwezi tunaufuata kwa omena tu, wale mnaowaita dagaa: usiku wa giza wavuvi wanawasha taa, mwezi uking'aa wanapumzika.

Lakini bado kaa. Kaa wanaishi kwenye mikoko, hawahitaji mwamba ufunuke. Hao nao walikuwa wapi?

#5 MamaSamaki_Feri
Samahani kina baba, mnazungumza mambo ya mwezi wakati mwenye samaki anajulikana.

Mimi nafanya biashara ya samaki Feri, na Bagamoyo naenda kununua. Samaki wengi wana wenyewe kabla hawajatoka majini. Mvuvi hana injini, hana nyavu, hana mafuta. Anakuja tajiri anampa injini, anampa barafu na pesa ya mafuta ya safari. Kuanzia hapo kila atakachopata anampelekea huyo tajiri, na bei anapanga tajiri. Mnadani panafika kilichobaki. Pweza ndiyo kabisa: kuna mawakala wanaokaa na mizani kijijini, wanapokea kilo kwa kilo, jioni gari la barafu linapita kuwachukua. Wanakwenda viwandani kugandishwa na kupelekwa Ulaya. Wataliano, Wareno na Wahispania wanampenda pweza kuliko sisi.

Kaa uliyemuuliza dada yangu Nyarnam ni hivyo hivyo. Kaa mkubwa wa mikoko akiwa mzima mzima hafiki sufuriani kwako. Anafungwa kamba magando, anawekwa kwenye tenga lenye majani mabichi, anapanda ndege kwenda Asia akiwa hai. Wanaobaki ni wadogo na waliovunjika magando.

Nimesema haya kwa uchungu maana na mimi nakosa mzigo kwa sababu hiyohiyo. Mwenye mtaji mdogo anaamka saa tisa usiku, anafika pwani, anaambiwa "hawa wa bosi".

#6 SatoMbichi
Poleni watu wa pwani 😂 Njooni Mwanza. Sato anatolewa majini unamwona, anaparwa unamwona, anakaangwa unamwona. Hakuna habari za bamvua wala maji mafu. Na utamu wa sato na ugali wa muhogo hauna mpinzani, changu mwenyewe anajua.

#7 MtuwaTegeta
SatoMbichi hilo la minofu ya sangara kupanda ndege mwaka mzima huko kwenu huoni? Nyie ndio mlioanza kula mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa. Kaa kimya kidogo.

#8 SatoMbichi
Hilo la sangara nalikubali, wala sibishi. Sato ndiye ninayemtetea.

#9 Afisa_Mstaafu
Wasalaam. Nilifanya kazi ya uvuvi serikalini katika wilaya za pwani kwa muda mrefu, naomba niongeze.

Hoja ya maji mafu ni sahihi. Hoja ya mitaji ni sahihi. Lakini wote mmeusahau upepo. Huu ni mwezi wa Julai, katikati ya kusi. Kusi ikivuma, ngalawa na mitumbwi haiendi mbali, inabaki kando kando ambako samaki wameshavuliwa sana. Wenye mashua kubwa na injini ndio wanaotoka, nao ni wachache. Dada angekwenda tangambili, kusi imekwisha na kaskazi haijaanza, bahari imelala, angekuta nguru, jodari na kolekole wamepangwa mchangani.

Tukiongeza na kamba wa kuliwa, Bagamoyo ni mahali pao kwa sababu ya midomo ya Ruvu na Wami. Mvua zikinyesha mito inashusha tope na chakula, kamba wanatoka. Zamani zilikuwepo meli za kukokota nyavu, zikawa zinabeba kamba na kutupa samaki wadogo waliokufa. Serikali ilizisimamisha mwishoni mwa 2007 baada ya kamba kupungua mno.

Na jingine kwa wanunuzi: kwa Kanuni za Uvuvi za 2009, pweza wa chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa. Ukiletewa pweza mdogo sahanini, umeletewa aliyevuliwa kinyume cha kanuni.

#10 Kijana_wa_Dunda
Mzee Afisa shikamoo. Upepo upo kila mwaka, na babu zetu walivua kwenye kusi wakala wakashiba. Kilichoharibu ni baruti na juya, ule wavu wa kukokota. Mabomu yamevunja matumbawe, mwamba uliobaki ni kifusi. Juya linakomba mpaka vitoto vya samaki vyenye urefu wa kidole. Hiyo ndiyo sababu, nyingine ni visingizio.

#11 Afisa_Mstaafu
Marahaba kijana. Juya bado lipo, hapo tuko pamoja. Ila mabomu yamepungua sana tangu kikosi cha pamoja cha vyombo vya ulinzi kianze kuwasaka wapigaji baada ya 2015. Kabla ya hapo yaliwahi kupungua mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi lilipoingia, kisha yakarudi. Usiuchukue mwamba wa leo ukauhesabu kwa mabomu ya leo. Matumbawe yaliyovunjwa huchukua miaka mingi kurudi.

#12 BabaNgalawa
Mimi nasimama katikati yao. Mwamba ninaoujua uliopigwa zamani, sehemu nyingine umerudi una samaki, sehemu nyingine bado kifusi. Lakini pweza hapendi mwamba mzuri peke yake, hata kwenye mawe ya kawaida yenye mashimo anakaa. Pweza kumwondoa kabisa ni kazi. Anayemwondoa ni anayezamia kila siku, bamvua na maji mafu, na miwani na mkuki. Zamani maji mafu yalimpumzisha pweza. Siku hizi vijana wanamfuata chini hata maji yakiwa yamejaa.

#13 Bint_Pemba
Assalaam alaykum. Baba Ngalawa umegusa ninachotaka kusema.

Kwetu Kisiwa Panza wanakijiji walikaa wakakubaliana kufunga sehemu ya mwamba miezi mitatu. Hakuna kuingia mtu, hata wa kutafuta kitoweo. Kamati inalinda. Siku ya kufungua watu wanateremka pamoja, wanawake, wanaume, wazee, na pweza wanaotoka ni wakubwa mno. Mapato mengine yanakwenda kwenye shughuli za kijiji. Pweza anakua kwa kasi, anaishi kama mwaka mmoja tu, na jike akishataga anakaa kulinda mayai mpaka yanaanguliwa, kisha anakufa. Ukimpa miezi miwili mitatu anaongezeka uzito mara kadhaa. Mambo haya yalianzia Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, 2004, ndipo watu wa kwetu wakajifunza.

Kwa hiyo mimi nasema Bagamoyo pweza hakosekani kwa sababu ya mwezi wala tajiri. Anakosekana kwa sababu hakuna anayemwachia nafasi akue.

#14 Kijana_wa_Dunda
Dada wa Pemba hongereni kwa kweli. Ila Kisiwa Panza ni kisiwa, mnajuana wote. Hapa kwetu mashua zinatoka Unguja, Tanga, Kunduchi, wavuvi wa dago wanapiga kambi miezi miwili wanaondoka. Ukifunga mwamba wewe, mgeni anavua usiku. BMU yetu, yaani kamati ya wanakijiji ya kusimamia uvuvi, haina boti wala mafuta ya doria.

#15 Bint_Pemba
Dago hata kwetu lipo kaka, na ugomvi ulikuwepo. Walishirikishwa vijiji vya jirani mapema, ndipo pakatulia. Si kazi ya siku moja.

#16 Mmaskati
Nawasalimu kutoka Maskati. Mimi ni wa asili ya Unguja, familia ipo huku miaka mingi. Niongeze la huku kwa kulinganisha. Nguru, huku wanamwita kanadi, ndiye samaki wa heshima, wa wageni na wa harusi. Kila mwaka kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba ni marufuku kumvua, kumuuza na kumsafirisha. Ukienda soko la Mutrah siku hizo hutamwona mezani. Watu wamezoea, wanakula jodari na changu, na msimu ukifunguliwa anarudi.

Ila huku nchi ina boti za doria na faini zinalipwa. Bila ya hivyo marufuku ni maandishi tu. Kijana wa Dunda namuunga mkono kwenye hilo la mafuta.

#17 Mpenda_Historia
Nimeona uzi wa Bagamoyo nikashindwa kupita. Nyarnam, hukosi cha kuona hata samaki wakikosekana. Magofu ya Kaole yapo kama kilomita 5 kusini, msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Kanisa la misheni iliyoanzishwa 1868, ndiko mwili wa Livingstone ulikolazwa 1874 kabla ya kusafirishwa Uingereza. Na Bagamoyo ndiyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka Vita vya Kwanza.

#18 Afisa_Mstaafu
Mpenda Historia, makao makuu yalihamia Dar es Salaam 1891. Vita vya Kwanza vilikuta Bagamoyo ni mji mdogo wa wilaya. Sababu mojawapo ni bandari: Bagamoyo maji ni mafupi, meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa madau. Ufukwe huohuo wa maji mafupi ndio unaowafaa wavuvi mpaka leo, wanapumzisha mashua mchangani maji yakipwa.

#19 Mpenda_Historia
Sawa mzee, 1891. Ahsante.

#20 Nyarnam
Nimesoma yote, nashukuru. Kuna kitu Mama Samaki amenikumbusha. Tulipokuwa tunashuka kituoni mchana ule, bodaboda mbili zilitupita zikielekea upande wa Dar, kila moja na boksi jeupe la barafu nyuma, maji yanachuruzika njia nzima. Mwenzangu wa Kampala akasema "chakula chetu kile kinaondoka". Tulicheka lakini sasa sioni kama ulikuwa mzaha. Bila shaka ule ulikuwa mzigo wa asubuhi.

Halafu wale changu tuliouziwa mgahawani wametoka Feri. Hivi inawezekana samaki wakavuliwa Bagamoyo, wakapelekwa Feri kuuzwa, kisha wakanunuliwa na mgahawa wa Bagamoyo wakarudi?

#21 MamaSamaki_Feri
Inawezekana sana, na mimi nimeshauona mzigo wa namna hiyo. Feri ndiko kwenye bei, ndiko kwenye barafu, ndiko wanunuzi wakubwa wanakokuja. Mwenye mgahawa anataka kilo thelathini za saizi moja kila Ijumaa. Mvuvi wa ngalawa hawezi kumhakikishia hilo. Feri wanaweza. Anayelipa gharama ya kwenda na kurudi ni wewe mlaji, ndiyo hiyo elfu ishirini yako.

Ukitaka kula samaki wa Bagamoyo mwenyewe, achana na menyu. Nenda kwa kina mama wanaokaanga pembeni ya soko kwenye mafuta ya karai. Wao wananunua mafungu palepale asubuhi, hawana friza. Kama leo kuna vibua utakula vibua, na vibua vikiwa vibichi vikakaangwa vikavu, na kachumbari na pilipili, hutauliza changu.

#22 BabaNgalawa
Mama kasema. Na samaki wa ngalawa utamjua: shavu jekundu, jicho limejaa, ukimbonyeza nyama inarudi. Wale wa dema (mtego) na mshipi wanakuwa wazima kuliko wa jarife, maana wa jarife huwa amekufa wavuni tangu usiku.

#23 SatoMbichi
Naomba kuuliza kwa heshima: hii supu ya pweza ya Dar ambayo vijana wanaipanga foleni jioni ni ya nini hasa? Huku kwetu tunasikia tu.

#24 MtuwaTegeta
Ya nguvu mkuu 😀 Kikombe kimoja na kachori, ukoleze ndimu na pilipili, ufike nyumbani mapema.

#25 Mmaskati
Unguja Forodhani watu wanakula pweza na watoto wao wala hakuna anayefikiria hayo. Ni kitoweo kizuri, nyama nyingi na mafuta machache. Hayo ya nguvu ni ya wauzaji wa supu.

#26 Kijana_wa_Dunda
Sheikh wa Maskati, na wewe umeanza kuharibu biashara za watu. Bibi yangu wa miaka mingi alikuwa anaamini, na alikuwa na watoto kumi.

#27 Afisa_Mstaafu
Kabla hamjafika mbali, neno moja kwa wageni wanaonunua ufukweni na kupika wenyewe. Akija mtoto anawauzia samaki mfupi mwenye tumbo la kujivimbisha na ngozi isiyo na magamba, msimnunue. Huyo ni bunju. Sumu yake iko kwenye ini, mayai na ngozi, haitoki kwa kupika, na kila mara tunasikia familia imepoteza watu pwani. Na nyama ya kasa mkiambiwa ipo, kataeni: ni kosa kisheria na imeshaua watu visiwani.

#28 Nyarnam
Asante mzee, hilo nitawaambia na wenzangu. Mholanzi wetu alikuwa anataka kununua chochote kilicho na macho.

Swali la mwisho kwa leo. Nikimpata pweza, namlainishaje? Niliwahi kupika mmoja wa Feri, akawa mgumu mpaka jirani akaniuliza nachemsha nini usiku kucha.

#29 Bint_Pemba
Apigwe kwanza. Kwetu anapigwa mwambani palepale alipovuliwa, au kwa mti wa mviringo, mpaka ateme povu na miguu ilegee. Kisha chemsha kwa maji yake mwenyewe, usiongeze maji na usitie chumvi mapema. Akiiva ndiyo unamtia nazi.

#30 MamaSamaki_Feri
Wauzaji wa mishikaki Feri wanatia papai bichi, kipande tu na maganda yake. Kumpiga sikatai lakini mjini utampigia wapi, ukutani kwa mwenye nyumba?

#31 Kijana_wa_Dunda
Papai likizidi anakuwa kama uji. Mweke friza usiku mmoja, asubuhi mtoe, mchemshe. Barafu inafanya kazi ya mti.

#32 BabaNgalawa
Pweza wa friza si pweza, hapo sikubaliani na kijana.

Dada Nyarnam, mwezi ulikuwa nusu Jumamosi ile, kwa hiyo hesabu wiki moja, unakuwa mpevu. Baada ya hapo una siku kama tatu za bamvua. Mje asubuhi, saa tatu muwe mmeshafika, mvae viatu vya kukanyagia mwamba maana kuna shokoa, wale wanyama wa miiba. Kina mama wa kijijini wanatoka na mnaweza kufuatana nao mkiomba vizuri na mkiwapa chochote. Lakini kusi ikivuma sana siku hiyo nitawaambia humuhumu msije.